Utabiri wasema mita 1.8, kufika ufukweni ni fujo tupu: nifanyeje?

Swali: Naishi Malindi na nateleza mawimbini kwa ubao wa futi 6. Kila nikiona programu ya utabiri wa mawimbi imeandika mita 1.8 natoka mbio jioni baada ya kazi, na kila mara nakuta povu na maji yanayovunjika ovyo. Halafu siku imeandikwa mita moja tu, nasikia wenzangu wamepata mawimbi safi asubuhi. Naangalia nini vibaya? Na je, heri nihamie kwenye milango ya mwamba, yale mapengo ya mwamba wa matumbawe, upande wa Watamu au Kilifi? (Msomaji, Malindi)

Jibu: Ndugu yangu, hiyo mita 1.8 ndiyo inayokuponza. Ile ni hesabu ya bahari kuu, mbali na nchi kavu, na imejumlisha kila kitu: mawimbi yaliyosafiri kutoka mbali pamoja na yale yaliyochafuliwa na upepo wa papo hapo. Kwenye programu hiyohiyo, pembeni ya mita, kuna namba ya sekunde, yaani muda unaopita kati ya wimbi moja na linalofuata. Isome hiyo kwanza.

Sekunde 6 au 7 maana yake ni kusi inayovuma hapa hapa. Mawimbi hayo yamebanana, urefu toka kilele hadi kilele ni kama mita 55 hadi 75, na hayaanzi kuigusa sakafu ya bahari mpaka yamekaribia sana ufuo. Ndiyo maana yanakuja bila mpango. Sekunde 10 au 11 ni habari nyingine: urefu unafika mita 150 hadi 190, wimbi linaanza kuuhisi mchanga au mwamba likiwa bado mbali, linajipanga, linapinda kufuata umbo la pwani, na likivunjika linavunjika kwa mstari. Mita moja ya sekunde 11 naichukua kuliko mita mbili za sekunde 6, bila kufikiri mara mbili.

Kwetu sekunde hizo ni adimu, na sababu iko kwenye ramani. Dhoruba kubwa za kusini mwa Bahari ya Hindi zinatuma mawimbi mazuri kaskazini, ila Madagaska, karibu kilomita 1,600 kwa urefu, imetukingama. Kutoka Malindi, ncha ya kaskazini ya kisiwa hicho iko karibu nyuzi 135 za dira. Linalotoka kusini zaidi ya hapo linazuiliwa, isipokuwa kidogo kinachopenya Mlango wa Msumbiji, nacho kinafika kikiwa kimelala sambamba na pwani. Kwa hiyo dirisha letu ni mashariki hadi kusini-mashariki, nyuzi 90 hadi 135. Kinachopita hapo mara nyingi ni mawimbi ya pepo za kudumu zinazovuma kwenye bahari ya wazi mashariki ya Madagaska. Mara mojamoja huja ya mbali kabisa, ya sekunde 13 au 14. Hayo husafiri zaidi kidogo ya kilomita 900 kwa siku, kwa hiyo dhoruba iliyo kilomita 5,000 kutoka hapa utaiona kwenye utabiri siku tano nzima kabla mawimbi yake hayajakufikia. Programu ikionyesha mita 1.8 za nyuzi 180, wewe lala.

Sasa saa. Jioni ndiyo saa mbaya kuliko zote. Nchi ikipata joto mchana inavuta upepo wa baharini, unaungana na kusi, na uso wa maji unachafuka. Alfajiri ni kinyume: nchi imepoa, umande unavuma kutoka bara, na hata Julai, kusi ikiwa imekaza, hulegea kwa saa moja au mbili. Miezi ninayoipenda ni Septemba mwishoni na Oktoba, upepo wa hapa unapoanza kufa huku pepo za mbali bado zikifanya kazi. Mara nyingi ndipo utapata maji laini na mawimbi kwa pamoja.

Lakini kama kuna kitu kimoja nataka ubadilishe, ni hiki: chagua siku kwa mwezi wa angani. Wavuvi wa hapa hawahitaji niwaelezee. Pwani yetu maji hupanda na kushuka kiasi cha mita 3 au zaidi wakati wa bamvua, na pengine mita moja tu siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu. Tofauti hiyo inabadilisha kabisa mahali wimbi linapovunjikia. Na kuna jambo linalorahisisha mahesabu: bamvua, mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji hujaa kama saa kumi hadi saa kumi na moja, alfajiri na jioni, na kupwa kabisa kama saa nne hadi saa tano asubuhi. Sasa unajua kwa nini jioni zako za bamvua ziliharibika mara mbili: upepo ulikuwa juu, na maji yalikuwa yamejaa mpaka wimbi likawa linapasukia kwenye mteremko wa mchanga, miguuni pa watu.

Siku hizohizo, saa moja hadi saa mbili asubuhi, maji yako katikati yakishuka na umande bado upo. Hapo ingia ghuba ya Malindi, kaskazini ya rasi yenye nguzo ya Vasco da Gama. Chini ni mchanga, kwa sababu tope la mto Sabaki haliwapi matumbawe nafasi ya kumea kama huko Watamu, kwa hiyo mawimbi yanaingia bila ukuta mbele yake. Mafungu ya mchanga huhama, basi kila baada ya mvua kubwa panda mahali pa juu maji yakiwa yamepwa, uone yamelala wapi. Mdomoni mwa Sabaki penyewe usiende. Maji ni rangi ya chai ya maziwa, huoni kilicho chini yako, na viboko wanaishi pale.

Milango ya mwamba nakuruhusu kwa sharti moja: maji mafu. Milango mingi iko mbele ya vijito kama Mida na Kilifi, na bamvua likishuka, maji yote ya kijito yanatokea hapo. Mkondo huo unalikaza wimbi mpaka linasimama kama ukuta, kisha unakubeba wewe nje. Siku ya saba au ya nane ya mwandamo, na tena ya ishirini na mbili, maji hupwa alfajiri na kujaa kama saa nne au saa tano. Saa moja asubuhi yanapanda polepole, mkondo unaingia ndani badala ya kutoka, na kina juu ya mwamba kinaongezeka badala ya kupungua. Vaa viatu vya mpira, na mara ya kwanza nenda na mvuvi wa pale pale. Simama ufukweni kwanza uangalie ngalawa zinapitia wapi: zinapopita ndipo kina kilipo, na wimbi la kuteleza liko ubavuni mwake.

Kimbunga kikitajwa mahali popote kati ya Madagaska na kwetu, kama Hidaya Mei 2024, tamaa ya sekunde nyingi iweke kando hadi kipite.

Na ubao wako. Futi 6 ni wa pwani yenye nguvu kuliko yetu. Tafuta hata wa kuazima, futi 8 na nusu au 9, mpana na mnene. Mawimbi ya mita moja ambayo sasa yanapita chini yako utaanza kuyashika kabla hayajasimama wima.