Uliza Fundi: Huyo binti mrefu anaendeshwa na injini?

SWALI: Shikamoo fundi. Mwanangu ameona kwenye simu video ya Amal, yule kikaragosi msichana mrefu kupita mlango, anakatiza barabara za Ulaya. Ananisumbua: ndani mna injini? Nami na wenzangu wa kikundi cha maigizo ya mtaani tunatamani kutengeneza wa kwetu. Tuanzie wapi? – Mama Wawili, Tanga

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mwambie mjukuu wangu hamna injini, mna mtu. Yuko ndani ya kifua, kasimama juu ya mirongojongo. Wenzake wawili wanashika mikono kwa nje, na nyuma huwepo wa kumwegemeza. Wa ndani ndiye mwenye kibarua: miguu inatafuta mizani, huku vidole vinavuta nyuzi zilizotandazwa mbele yake, wenyewe huziita kinubi. Nyuzi hizo ndizo zinazogeuza kichwa na kuamsha uso. Akivuta vibaya, binti anakuwa mlingoti tu.

Amal ana meta 3.5. Wamemuunda Handspring, kundi la mafundi wa vikaragosi wa Cape Town, Afrika Kusini, kwa henzerani na nyuzi za kaboni, maana uzito ndio adui wa kwanza. Mwaka 2021 alitoka Gaziantep, Uturuki, mwezi wa Julai, akafika Manchester Novemba, safari ya kilometa 8,000, akiigiza mtoto mkimbizi wa Syria, umri miaka tisa, anayemtafuta mama yake. (Jina lake kwa Kiarabu ni tumaini, si hii amali yetu.) Kule Larissa, Ugiriki, wapo waliomrushia mawe. Mtu mzima na akili zake anaokota jiwe ampige henzerani!

Wenye injini wapo. Tembo wa Royal de Luxe, kundi la Ufaransa, aliyetembea London Mei 2006, alikuwa na uzito wa zaidi ya tani 40. Huyo tuwaachie wenyewe.

Ninyi anzeni na meta tatu. Kichwa: chukueni tenga jepesi, bandikeni magazeti kwa uji wa muhogo, tabaka moja likauke ndipo lije jingine. Mabega na kifua viwe vya fito za mianzi, mvifunge kwenye fremu ya begi la mgongoni, uzito ukae kiunoni, usikae shingoni. Mirongojongo isubiri. Mchezaji atembee kwa miguu yake, kichwa kiwe juu ya mti.

Sasa nguo. Hapa nina kovu. Kikaragosi wangu wa kwanza nilimvisha gauni la marekani, meta kumi na mbili, zuri ajabu. Tukatoka naye ufukweni Dar mwezi wa Agosti, kusi limechachamaa. Gauni likajaa upepo kama tanga la jahazi, nikaenda nalo hatua sita kinyumenyume hadi kwenye karai la mama wa mihogo. Mafuta yalikuwa bado hayajawekwa jikoni, Mungu mkubwa. Nikalipa mihogo. Tangu siku ile mgongo wa gauni naushona kwa chandarua: upepo unapita, na kwa mbali hakuna anayeona.

Mkishamaliza kujenga, msikimbilie kumtembeza. Wiki nzima mfundisheni kupumua tu. Kifua kiinuke kidogo, kishuke, kichwa kichelewe nusu sekunde ndipo kifuate. Akimtazama mtoto, ainamishe kidevu kwanza, kisha asimame kimya. Wachezaji wachanga wanapenda kupungapunga mikono muda wote, na hilo linaniudhi kuliko gundi mbichi. Wala msiwafiche wanaoshika mikono. Watazamaji watawaona dakika mbili, kisha watawasahau.

Siku moja kabla, piteni njia nzima na mwanzi mkavu wa urefu wake akiwa amenyoosha mkono. Kila penye waya wa umeme ulioning'inia, badilisheni njia.

Na mikono mkiimaliza, nitumieni picha kabla hamjaipaka rangi. Kiwiko kilichokosewa huonekana vizuri kwenye mwanzi mtupu.