Paka wangu anakojoa ovyo

SWALI: Daktari, paka wangu dume, miaka 4, tangu jana anachuchumaa kila mara kwenye zulia, analia, yanatoka matone tu. Nimemchapa, hakomi. Nimpe parasetamoli?

JIBU: Ndugu yangu, usimchape tena. Huo si ukaidi, ni maumivu. Njia ya mkojo ya paka dume ni nyembamba mno. Hata fuwele ndogo kama chembe za mchanga huiziba. Ikiziba kabisa, sumu hubaki kwenye damu na anaweza kufa ndani ya siku 2 au 3. Niliwahi kumpokea mmoja, kibofu kigumu kama chungwa. Tulimzibua kwa mpira mwembamba, akapona. Parasetamoli usithubutu, kidonge kimoja chaweza kumuua. Mpeleke kwa daktari wa mifugo sasa hivi, hata kama ni usiku.