Weka Simu Chini Kwanza: Kwa Wanaoanza Kazi ya Kuunganisha Familia

Mgeni wa kazi hii akishavaa koti la kujitolea, huwa na hamu ya kutafuta mara moja jamaa waliopotezana kwenye mkasa. Anashika simu, anapiga namba ya kwanza, ni "mteja hapatikani". Anapiga ya pili, ni yale yale. Mimi nakuambia weka hiyo simu chini. Siku ya kwanza ya mkasa kazi yako ni kuuliza na kuandika, kwa sababu huyo unayemhoji sasa huenda kesho usimkute. Atakuwa amepanda lori kwenda kwa shemeji yake Bungoma, na ulichoandika ndicho kitakachobaki.

Waliokuwa Nakuru Januari 2008 hawahitaji kuelezwa. Ghasia za baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 ziliwang'oa makwao zaidi ya watu 600,000, na mji huu ukawa njia panda. Wengine walikuwa wakiingia uwanja wa maonyesho ya kilimo kutafuta hifadhi, wengine wakipakiwa magari kuelekea Kisumu na Magharibi. Kwenye msukumano wa namna hiyo baba anaparamia gari hili, na mtoto anavutwa mkono na jirani mpaka gari lile. Hakuna aliyekusudia kumwacha mwenzake.

Sasa, majina. Ukiandika "Otieno" peke yake kwenye orodha inayokwenda Kisumu, hujaandika kitu. Kwa Waluo Otieno ni mvulana aliyezaliwa usiku, na hao ni wengi mno. Ukipeleka "Wafula" Bungoma ni yale yale. Chukua jina la ubatizo, la baba, la babu, na lile la utani ambalo halimo kwenye kitambulisho. Kisha uliza kijiji, lokesheni, chifu ni nani, kanisa gani, soko la karibu hufunguliwa siku gani. Watu husahau jina la kata yao lakini siku ya soko hawasahau.

Mtoto wa miaka mitano atakuambia mama yake anaitwa Mama. Usimsukume. Muulize jirani akija kuomba chumvi humwitaje, utasikia "Mama Brayo". Brayo ni kaka mkubwa, yuko shule, na mwalimu mkuu ana rejista yenye namba za wazazi. Kwa Waluo mke hujulikana kwa alikozaliwa, kwa hiyo mtoto anayesema "Nyar Alego", yaani binti wa Alego, amekutajia upande wa kina mjomba bila kujua, na mara nyingi mama aliyekimbia amekimbilia huko huko.

Kuna msichana mmoja aliyeletwa mezani kwetu baada ya mafuriko. Kila swali alilijibu kwa kutazama vidole vyake vya miguu. Mwenzangu akampa kalamu na karatasi, akamwomba achore njia ya kwenda shuleni. Akachora kinu cha kusaga unga, akachora kanisa lenye kengele iliyoning'inizwa kwenye mwembe, na mbele ya geti moja akachora mbwa wa miguu mitatu. Tuliuliza kama mguu wa nne amesahau, akatikisa kichwa. Karatasi ile ilipofika kwa mzee wa nyumba kumi hakuhitaji maelezo mengine, mbwa alimfahamu. Kwa hiyo beba karatasi tupu, si fomu tu.

Ukishaandika, ndipo upige simu, na upige kwa akili. Laini iliyokaa muda bila kutumika hugawiwa mtu mwingine, kwa hiyo anayepokea huenda hahusiani kabisa na familia yako. Usianze kwa kutaja jina la mtoto wala alipo. Jitambulishe, uliza unaongea na nani, sikiliza.

Anayekuja kudai mtoto aulizwe, asiambiwe. Hili nalisisitiza kwa sababu huruma hutuponza. Mwanamke anafika analia, nawe unajikuta unamsomea: "Ni huyu mwenye kovu kwenye goti?" Atasema ndiye, hata kama siye. Mwache yeye ataje kovu, ataje wimbo anaomlaza nao, ataje jina la mdogo wa huyo mtoto. Mtoto naye aulizwe kando, na utazame uso wake anapomwona mtu huyo. Hata ukiridhika kabisa, wewe huna mamlaka ya kumkabidhi mtoto; hiyo ni kazi ya afisa wa watoto wa eneo, na mkikwama namba 116 ya kuwasaidia watoto haitozwi pesa. Picha ya mtoto usiirushe kwenye magrupu ya WhatsApp. Najua utaambiwa ndiyo njia ya haraka. Ni ya haraka kwa kila mtu, pamoja na wasiomtakia mema.

Kwa watu wazima kuna jambo ambalo wageni hulishangaa: si kila anayetafutwa anataka apatikane. Mwaka 2008 ndoa za makabila mawili zilipasuliwa; mume akaenda kwao, mke kwao, na wengine waliapa hawatarudi. Wako pia wanaokimbia kipigo cha nyumbani chini ya kivuli cha vita. Ukimpata mtu, muulize kwanza kama aliko pajulikane. Akikataa, unarudisha jibu kwamba yu hai, iwapo ameruhusu hilo, na unaishia hapo. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 iko upande wake, hata kama mama mkwe anakupigia kila asubuhi.

Familia za wanajeshi ni somo lao. Nakuru tuna Lanet, Eldoret nako kuna kambi, na tangu Oktoba 2011 vijana wetu wamekuwa wakivuka kwenda Somalia. Kambi yao ya El Adde, huko Somalia, iliposhambuliwa tarehe 15 Januari 2016, picha zilizagaa mitandaoni huku jamaa bado wakisubiri neno rasmi. Meza yako haina uwezo wa kujua kikosi kiko wapi, na haifai kujaribu. Mwelekeze mke au mzazi kwenye kikosi cha askari wake, na umkataze kutambua mtu kwa picha ya simu. Kwa waliotekwa au waliofungwa upande wa pili wa mstari wa vita, ndipo ujumbe wa Msalaba Mwekundu unapofaa: karatasi isiyofungwa, inayosomwa na wakuu njiani, yenye habari za kifamilia tu. Mtu akitaka kuandika "jeshi limepita hapa", mzuie. Ujumbe mzima utabaki njiani kwa sababu ya mstari huo. Huduma hii ina umri: katika Vita vya Kwanza vya Dunia, ofisi ya wafungwa iliyofunguliwa Geneva mwaka 1914 ilijaza kadi kama milioni 7, na jina lililokosewa herufi lilipotea humo kama linavyopotea leo kwenye kompyuta.

Kisha kuna habari mbaya. Mai Mahiu, alfajiri ya tarehe 29 Aprili 2024, maji yalibeba watu mbali na nyumba zao, na wengine walitafutwa kwenye matope siku nyingi. Kifo hakitangazwi kwa simu. Nenda mwenyewe, pamoja na mzee wa ukoo au mchungaji wanayemjua, na useme neno lenyewe: amefariki. Ukisema "hali si nzuri sana" watakodi gari kwenda hospitali. Kama mwili haujatambuliwa, usikisie kwa nguo. Mitumba ya soko la Gikomba imevalisha nchi nzima shati moja. Na mtu asiende mochari peke yake.

Faili ambalo halijapata jibu usilifunge. Andika tarehe ya mwisho uliyowasiliana na familia, na uwapigie hata ukiwa huna jipya, maana kimya chako wao hukisoma kama habari. Ukihamishwa kituo, mkabidhi anayekufuata mafaili yaliyo wazi mkiwa mmeketi pamoja, moja baada ya jingine, na umpe pia namba ya yule mzee wa nyumba kumi.