Kwa nini wahitimu hawachangii timu za chuo: niliyoyasikia nikikusanya michango Moshi

Ndugu mleta mada, umeuliza kwa nini wahitimu wa vyuo vyetu huchangia harusi na kipaimara bila kusita, lakini wakiombwa fedha za timu ya chuo hunyamaza. Umependekeza pia kwamba kila mhitimu akatwe kiasi cha lazima siku anapochukua cheti chake, kwa kuwa wenzetu wa Marekani hutoa mamilioni ya dola kwa timu za vyuo walivyosoma. Mimi ni mweka hazina wa tawi la Moshi la jumuiya ya wahitimu wa chuo nilichosoma, na kwa miaka kadhaa kazi yangu kubwa imekuwa kuwapigia simu wahitimu wenzangu kuwaomba fedha za kuipeleka timu kwenye mashindano ya vyuo vikuu yanayosimamiwa na TUSA, chama cha michezo cha vyuo vikuu Tanzania. Nitakujibu kwa yale niliyoyasikia kutoka kwao, ila kwanza niseme machache kuhusu Marekani, maana mfano huo hutajwa kila mara kana kwamba watu wa kule wana mapenzi ya chuo kutuzidi sisi.

Sehemu kubwa ya fedha hizo hutolewa kwa sababu mtoaji anapata kitu. Katika vyuo vyenye timu kubwa za futiboli ya Kimarekani na mpira wa kikapu, anayetaka kiti kizuri uwanjani hutakiwa kwanza kuuchangia mfuko wa michezo, na kadiri anavyochangia zaidi na kwa miaka mingi ndivyo anavyosogezwa mbele kwenye foleni ya viti na ya maegesho ya magari. Kwa miaka mingi sheria ya kodi ilimruhusu mchangiaji wa namna hiyo kuondoa asilimia 80 ya mchango wake kwenye kipato kinachotozwa kodi, mpaka nafuu hiyo ilipofutwa na sheria ya mwaka 2017. Tangu Julai 2021 wanamichezo wa vyuo wanaruhusiwa kulipwa kwa matumizi ya majina na sura zao, na mwaka 2025 mahakama iliidhinisha makubaliano yanayokiruhusu chuo kuwalipa wanamichezo wake moja kwa moja, hadi dola milioni 20.5 hivi kwa mwaka wa kwanza. Maana yake ni kwamba mhitimu yule yule aliyekwisha kulipia kiti chake sasa anaombwa pia fedha za kuwalipa wachezaji, na wapo wanaosema waziwazi kwamba wamechoka.

Siandiki haya kuwadharau, kwa sababu mfumo huo ndio uliowasomesha wanariadha wetu akina Suleiman Nyambui, aliyepata medali ya fedha ya mita 5,000 kwenye Olimpiki ya Moscow mwaka 1980, na Gidamis Shahanga, bingwa wa marathoni ya Jumuiya ya Madola mwaka 1978, ambao wote wawili walipita Chuo Kikuu cha Texas cha El Paso. Lakini kama tunataka kujifunza kwao, tutazame ni nani hasa anayetoa. Mwaka 2009 wachumi Jonathan Meer na Harvey Rosen walichapisha utafiti uliochambua kumbukumbu za michango ya wahitimu wa chuo kikuu kimoja kinachochuja sana wanafunzi wake, wakaona kwamba matokeo ya timu za futiboli na kikapu hayakubadilisha sana utoaji wa wahitimu kwa ujumla. Aliyeguswa ni mwanamume aliyewahi kuichezea timu fulani: timu yake ya zamani ilipotwaa ubingwa, mchango wake kwa chuo uliongezeka kwa asilimia 7 hivi.

Hilo ndilo nililolikuta Moshi. Waliowahi kuvaa jezi ya chuo huuliza kocha ni nani sasa, huuliza kama uwanja bado una mashimo upande wa goli la chini, halafu mara nyingi fedha huingia kwenye simu kabla sijamaliza kueleza. Nao huitika haraka zaidi wanapoombwa na nahodha wao wa zamani kuliko wanapopokea barua yenye nembo ya chuo, kwa hiyo siku hizi orodha yangu nimeigawa kwa timu na kwa miaka, na kila kundi linapigiwa simu na mtu aliyecheza nalo.

Wale ambao hawakucheza wana majibu yao, na sioni haki ya kuwaita wachoyo. Wengi wao bado wanakatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi na Bodi ya Mikopo, na mtu anayekatwa hivyo kila mwezi huona kwamba deni lake kwa elimu yake analilipa tayari. Wengine hukumbuka kwamba walilipa ada ya michezo kila mwaka wa masomo, na hawakuwahi kuelezwa ilinunua nini. Hao ndio wagumu kuliko wote, na mimi sina jibu la kuwapa, kwa kuwa swali lao linapaswa kujibiwa na chuo. Wapo pia wanaosema kwamba kama wana shilingi elfu hamsini ya kutoa, ni afadhali imsaidie mwanafunzi anayezuiwa kufanya mtihani kwa sababu ya ada. Hoja hii naiheshimu sana. Tulichofanya ni kuuacha uamuzi mikononi mwa mtoaji, aseme mwenyewe fedha yake iende kwenye ada au kwenye michezo, na hatuhamishi hata senti moja kutoka upande mmoja kwenda mwingine.

Wanawake walinifundisha jambo ambalo kamati yetu ya wanaume watupu isingelifikiria yenyewe. Wahitimu wa kike walikuwa wakiuliza kama timu ya mpira wa pete itapata chochote, na walipoambiwa kwamba fedha ni za "timu ya chuo", walielewa vizuri kwamba maana yake ni mpira wa miguu wa wanaume. Marekani jambo hili waliliwekea sheria mwaka 1972, inayokataza ubaguzi wa kijinsia katika vyuo vinavyopokea fedha za serikali kuu, na sheria hiyo ndiyo iliyofungua milango ya michezo ya wanawake vyuoni. Sisi tulipoanza kuiombea timu ya mpira wa pete kwa jina lake, wachangiaji wa kike waliongezeka.

Kuhusu harusi ulizozitaja, harusi ina kamati inayosoma hesabu mbele ya watu, na kila anayechanga anajua kwamba zamu yake au ya mwanawe itafika. Timu ya chuo haiwezi kukurudishia mchango wako kwa njia hiyo, lakini inaweza kukupa hesabu, na inaweza kukupa nafasi ya kuwepo. Wahitimu tunaowaona ni wazito kutoa hulipia kiingilio cha Kilimanjaro Marathon, ambayo humalizikia kwenye uwanja wa Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi, tena wengine husafiri kutoka Dar es Salaam kwa ajili hiyo tu. Michezo wanaipenda na fedha wanazo. Wanachokosa ni mahali pao ndani ya michezo ya chuo chao. Ndiyo sababu tulianzisha mechi ya wachezaji wa zamani katika wiki ya Krismasi, watu wanapokuwa wamepanda nyumbani Marangu, Machame, Kibosho na Rombo. Hakuna kiingilio, na pale uwanjani tunaomba kitu kimoja tu kinachotajwa, kwa mfano njumu za wachezaji wa mwaka huu au nauli ya basi la mashindano. Mwezi Januari kila aliyetoa hutumiwa picha ya risiti na picha ya kilichonunuliwa, hata kama alitoa shilingi elfu mbili.

Kwa hiyo makato ya lazima uliyoyapendekeza siyaungi mkono. Fedha itapatikana mwaka wa kwanza na wa pili, lakini mhitimu ataihesabu kuwa ada nyingine aliyotozwa akiwa hana la kufanya, na utakapompigia simu baada ya miaka kumi, akiwa na uwezo wa kununua jezi za timu nzima, atakukumbusha kwamba alikwisha kulipa. Kama unataka kuanza chuoni kwako, watafute waliocheza, hata wakiwa wachache, mfungue akaunti ya michezo iliyo mbali na mfuko mkuu wa chuo, na mmoja wa watia saini awe mhitimu asiyeajiriwa na chuo. Uongozi wa chuo chetu ulilikataa sharti hilo la mwisho mwanzoni, ukakubali baada ya manahodha wa zamani kwenda pamoja ofisini kwa mshauri wa wanafunzi, na tangu hapo hata baadhi ya wale wagumu wa ada ya michezo wameanza kupokea simu zangu.