Dadu Kwenye Kanvasi

SWALI: Mwalimu, nachora picha dhahania hapa Umoja. Narusha dadu inichagulie rangi: moja ni nyekundu, sita ni nyeusi. Mzee wa kanisa anasema ni kamari. Je, namjaribu Mungu?

JIBU: Mwanangu, kamari ina dau. Wewe umeweka nini zaidi ya rangi, ambayo najua bei yake Nairobi hii? Mwombe mzee afungue Matendo 1:26. Mathiya aliupata utume kwa kura. Kisha msimulie dirisha la mchoraji Mjerumani Gerhard Richter la mwaka 2007 katika Kanisa Kuu la Cologne, Ujerumani: vioo takriban 11,500 vya rangi 72, vilivyopangwa kibahatinasibu na kompyuta. Askofu mkuu wa huko hakulipenda. Bado lipo.

Ila Richter ndiye aliyezichagua zile rangi, tena akaamua baadhi ya safu ziakisi nyingine, kama kwenye kioo cha kujitazamia. Nawe, nani aliamua sita iwe nyeusi? Kwa hiyo usijigambe kwamba umemwachia Mungu kila kitu. Mimi nauliza jingine: dadu ikikupa rangi usiyoitaka, huirushi tena kisirisiri? Chora moja bila kurudia hata mara moja, ukamwonyeshe mzee hiyo.