Mwanao ni Yule Yule: Majibu kwa Wazazi Wenye Hofu

Barua za mwezi huu karibu zote zimetoka kwa wazazi waliogundua kuwa mtoto wao anavutiwa na watu wa jinsia yake. Nimezifupisha na kuondoa lolote linaloweza kumtambulisha mtoto. Walioniuliza adhabu gani inafaa hawatapata jibu hapa, isipokuwa hili: shusheni mikono.

Shangazi, mwanangu ana miaka 19 na nimejua ni shoga. Kuna dawa, kombe la maji ya aya za Kurani au daktari wa kumtoa katika hali hiyo? Niko tayari kulipa. (Mama, Bamburi)

Hakuna. Swali hili linarudi kila mara na wanaoliuliza hawajisumbui kusoma majibu yaliyotangulia. Shirika la Afya Duniani liliondoa mapenzi ya jinsia moja katika orodha ya maradhi tarehe 17 Mei 1990, kabla mwanao hajazaliwa. Anayekuuzia dawa ya kitu kisicho ugonjwa anakuibia, awe amevaa koti jeupe, kanzu au kola ya kasisi. Na pesa ndiyo hasara ndogo. Kijana aliyefungiwa chumbani, akanyweshwa mitishamba asiyoijua na kuchapwa ati pepo atoke, hubaki na mapenzi yale yale na hofu mpya ya mama yake. Hizo fedha mlipie karo.

Kaka yangu amenieleza siri yake, mimi peke yangu. Nimwambie mama? (Dada, Changamwe)

Usimwambie. Siri ni ya kaka yako.

Nilimfukuza mwanangu miaka miwili iliyopita baada ya kuona picha kwenye simu yake. Alikuwa kidato cha nne. Mke wangu hajanisamehe. Nasikia kijana yuko Nairobi anaosha magari. Nataka arudi ila sijui nianzie wapi, na ndugu zangu wanasema nisijishushe. (Baba, Kisauni)

Jishushe. Ulimtoa nje mtoto wa shule asiye na kazi wala pa kulala. Ibara ya 53 ya Katiba ya Kenya inampa kila mtoto haki ya kutunzwa na kulindwa na wazazi wake wote wawili, na haikumtoa mtoto ambaye baba hakupendezwa na picha zake. Nakukumbusha hili kwa sababu barua yako inaeleza aibu yako kwa kirefu, lakini haisemi popote kwamba ulimkosea.

Kwa hiyo anza na hilo. Mwandikie ujumbe wa simu, mfupi, kwa mkono wako mwenyewe. Usimtume shangazi yake wala sheikh. Mwambie ulimkosea ulipomfukuza, unamwomba radhi, na mlango uko wazi. Ishia hapo. Wazazi wengi huharibu palepale: sentensi ya kwanza wanaomba msamaha, ya pili wanaweka masharti. Usitaje kuoa, usitaje kuacha marafiki, usitaje kwenda kusomewa.

Huenda asijibu wiki nzima. Huenda akakutukana. Yapokee, maana ameyabeba miaka miwili. Usimpigie simu mfululizo kama mdai. Acha siku chache zipite, kisha mjulie hali: amekula, analala wapi, afya yake vipi. Ukiwa na uwezo mtumie hela kidogo kwenye simu bila maelezo yoyote. Akikubali kuonana, safari ni yako. Nenda Nairobi, mkutane pale atakapochagua yeye. Usimwulize habari za mpenzi wala nani alimfundisha. Muulize kama alifanya mtihani, na kama hakufanya, muulize angependa kufanya nini. Umri wake bado unaruhusu kurudi shule, na ukimlipia mtihani atauona msamaha wako kwa macho.

Tena usidhani kurudi maana yake ni kuhamia Kisauni. Pengine anachotaka ni kuja Idi, akae na mama yake, ale sinia moja na wenzake bila mtu kusogea. Mambo madogo ya namna hiyo ndiyo yenye uzito. Mwaka 2009, Caitlin Ryan na wenzake wa San Francisco walichapisha utafiti wa vijana 224 mashoga, wasagaji na wanaovutiwa na jinsia zote mbili, wa miaka 21 hadi 25. Waliokataliwa sana na familia walipokuwa wakibaleghe walikuwa na uwezekano zaidi ya mara 8 wa kuwa wamejaribu kujiua, wakilinganishwa na wenzao ambao hawakukataliwa au walikataliwa kidogo tu. Na watafiti hawakuhesabu kufukuzwa peke yake. Walihesabu pia matusi, kukatazwa marafiki, kuachwa nje ya shughuli za ukoo. Wale ni vijana wa Marekani, lakini sijaona mtoto wa Pwani asiyeumizwa na matusi ya baba yake.

Ndugu zako hawakukesha kumlea. Waambie huyu ni mwanangu, na atakayemtusi asifike kwangu. Kisha usirudi nyuma hata siku ya harusi, ukumbi ukiwa umejaa na mjomba mmoja akaanza maneno.

Binti yangu yuko kidato cha tatu, shule ya bweni. Mwalimu mkuu amenipigia nikamchukue kwa "tabia za usagaji". Nani amemharibu? Nimhamishe? (Mama, Voi)

Achana na nani amemharibu. Itake shule iandike kwa karatasi imeona nini hasa. Mara nyingi ukifuatilia unakuta ni barua iliyookotwa sandukuni, au maneno ya mwanafunzi mmoja mwenye kinyongo. Kisha kaa na binti yako faraghani na umuulize kama yuko mtu aliyemlazimisha au kumuumiza, mwanafunzi au mkubwa. Kama yupo, hilo ni kosa la jinai, na binti yako ndiye aliyekosewa. Kama hayupo, basi una mtoto aliyempenda mtoto mwenzake na sasa shule nzima inamzungumza. Huo ndio msiba wake wa leo, na anakuhitaji wewe upande wake.

Desemba 2021 waziri wa elimu wa wakati huo, George Magoha, alisema hadharani kwamba wanafunzi wa aina hii waende shule za kutwa karibu na kwao. Kauli ile ilikuwa mbaya, na inabaki mbaya hata kama waziri mwenyewe ametangulia mbele ya haki. Mtoto anayetimuliwa katikati ya muhula hufika nyumbani na swali ambalo kila jirani atauliza. Mhamishe ikiwa yeye mwenyewe anataka. Na huko aendako, usimsimulie mwalimu mpya chochote.

Najua mwanangu ni shoga ila hajaniambia. Nimuulize au nisubiri? (Mama, Lamu)

Usimuulize. Mtu akiulizwa ghafla hukana, na akishakana mara moja inamwia vigumu kurudi. Fungua njia. Watu wakianza kuwacheka mashoga sebuleni, sema wazi, naye akiwa anasikia, kwamba nyumbani kwako hayo hayasemwi. Atakuelewa. Lakini pia usikae kimya miaka. Mwandishi Binyavanga Wainaina alipojitangaza Januari 2014 alifanya hivyo katika maandishi aliyomwelekezea mama yake, na mama yake alikuwa amefariki mwaka 2000.

Mimi ni mtu wa dini. Nikimkubali mwanangu, si nitakuwa nimeikubali dhambi? Sheikh wetu anasema nimtenge. (Mama, Malindi)

Sitakutaka ubadilishe itikadi yako. Nakuuliza tu amri ya kumtenga umeitoa wapi. Katika sura ya Luqman mtoto anaambiwa kwamba hata wazazi wakimsukuma kwenye shirki, yaani kumshirikisha Mungu na kingine, asiwatii katika hilo, lakini akae nao kwa wema hapa duniani. Ikiwa shirki yenyewe haikuvunja wema kati ya mtoto na mzazi, wewe unauvunja kwa hoja gani? Silaturahimu, yaani kuunga udugu, haikuwekewa sharti kwamba jamaa yako awe unavyotaka. Na stara tumefundishwa tangu madrasani. Mama anayemtangaza mwanawe msikitini ati aombewe, amemvua nguo mbele ya mtaa mzima.

Wasomaji Wakristo wasijione salama, kwa sababu barua zao zinasema yale yale na mchungaji akisimama mahali pa sheikh.

Mwombee mwanao kimyakimya ukitaka, kwa maneno unayoyaamini. Mpikie. Mpeleke hospitali akiugua. Hakuna hata moja kati ya hayo linalohitaji fatwa. Na kama sheikh mmoja anakutaka umtupe mtoto, uliza mwingine. Kwenye masuala ya mirathi mbona huwa tunauliza watatu.

Mimi ni Mkenya, naishi Kampala. Kijana wangu ana miaka 20. Ni kweli sheria inanilazimu kumripoti? (Mama)

Si kweli tena. Sheria ya Uganda dhidi ya mapenzi ya jinsia moja, iliyotiwa saini Mei 2023, ilikuwa na kifungu cha kuwalazimisha watu kuripoti, na Mahakama ya Katiba ya Uganda ilikifuta tarehe 3 Aprili 2024. Yaliyobaki yanatisha: kifungo cha maisha kwa tendo lenyewe, hata adhabu ya kifo kwa kile inachokiita kosa lililokithiri. Kwa hiyo habari zake zisipite kwenye kundi la WhatsApp la familia, hata kwa mafumbo. Tafuta wakili unayemwamini leo, kabla hujamhitaji.

Wa Kenya wanaoniuliza jambo hilohilo: vifungu vya 162 na 165 vya Kanuni ya Adhabu vipo, Mahakama Kuu ilikataa kuvifuta Mei 2019, na adhabu hufika miaka 14. Vinaadhibu tendo. Havimlazimu mzazi kumshtaki mwanawe. Tanzania adhabu ni nzito zaidi, miaka 30 hadi maisha. Mzazi anayempeleka mwanawe polisi "akatishwe kidogo tu" hajui anachokianzisha, na akishakianzisha hawezi kukizima.

Tuko Ohio, Marekani. Mume wangu anataka kumrudisha kijana wetu wa miaka 16 Mombasa kwa likizo, kisha amwache kwenye kituo cha kurekebisha tabia. (Mama)

Zuia safari hiyo. Kumdanganya mtoto kwamba ni likizo, kumnyang'anya pasipoti na kumfungia kati ya watu wasiomjua ni ukatili, na mumeo awe tayari kuitwa hivyo. Zungumza na mshauri wa shule ya mtoto sasa, tiketi haijakatwa. Hapo mlipo kuna PFLAG, jumuiya ya wazazi kama nyinyi, iliyoanzishwa mwaka 1973 na Jeanne Manford, mwalimu wa New York ambaye mwanawe alikuwa amepigwa hadharani. Mpeleke mumeo akawasikilize akina baba wenzake.

Nina miaka 17. Nikimwambia baba ukweli atanifukuza. Nimwambie? (Kijana, Likoni)

Si sasa, mwanangu. Humdanganyi mtu kwa kunyamaza wakati chakula, karo na kitanda chako viko mikononi mwake. Maliza shule. Pata kitambulisho ukifika miaka 18, na vyeti vyako viweke mahali unapoweza kuvifikia haraka. Tafuta mkubwa mmoja tu unayemwamini, shangazi, mwalimu au mama wa rafiki, na kwanza msikilize anavyowazungumza wengine kabla hujamfungulia lako.

Simu yako funga kwa nywila. Ukipigwa, ukitolewa nje, au ukianza kuwaza kujiua, piga 116, simu ya msaada kwa watoto. Ni bure, na si lazima useme sababu. Waambie unaogopa kurudi nyumbani, na uko wapi.