Kibali cha kuwinda paa na mbwa Kilifi? Hakuna kitu kama hicho

Kaka umeuliza ofisi gani inatoa kibali cha kuwinda paa na sungura na mbwa wako wawili huko Kilifi, jibu ni kwamba hakuna, na ukimpata mtu anakuuzia karatasi ya hivyo jua umeliwa pesa. Uwindaji Kenya ulipigwa marufuku toka 1977 na ile sheria ya wanyamapori ya 2013 ikakaza zaidi, hata ukisema ni kitoweo cha nyumbani tu sio biashara bado ni kosa, na ukiuza hiyo nyama ndio kabisa, adhabu inapanda. Najua wazee walikuwa wanawinda na mbwa na mikuki na hakuna aliyewauliza, lakini hiyo hoja usiende nayo mahakamani.

Kuhusu ndege kama kanga na kwale, usiguse kabla hujaulizia KWS (shirika la serikali la wanyamapori).

Sasa kama shida yako ni nguruwe mwitu kumaliza mahindi (naona umegusia mwisho wa swali lako), mbwa kulinda shamba sio tatizo, wabweke wafukuze, ila usiwaachilie wafuate mnyama porini wakamuua, hapo kujieleza itakua ngumu sana. Piga picha za uharibifu mapema, ripoti kituo cha KWS kilicho karibu. Na hao mbwa wachanje kichaa cha mbwa kila mwaka, mbwa wa shamba anakutana na mengi huko kichakani.